Penseli ya Hyrax Hill: mchoraji aliyechimba karibu na Section 58

Leo hakuna programu mpya wala malalamiko kuhusu umeme kupotea. Leo ni historia, na ninyi mnaopenda mambo ya data nivumilieni kidogo, nitafika kwenu.

Nina rafiki anayechora komiki. Kukiwa na maonyesho ya komiki Nairobi yeye hukaa nyuma ya meza siku nzima, watu wakipanga foleni awachore papo hapo, dakika kumi kila mmoja. Juzi alinitembelea hapa Section 58, na kwa kuwa sina la kumwonyesha mgeni ila kompyuta tatu zilizofunguliwa matumbo, nikampeleka Hyrax Hill, kile kilima chenye jina la pimbi, kando ya barabara ya kwenda Nairobi. Si mbali na kwetu. Tukafika kwenye ule mwamba wenye bao, vishimo vimechongwa kwenye jiwe lenyewe. Nikatoa simu, nikapiga picha, nikamaliza. Yeye akaketi chini, akafungua daftari. Nusu saa nzima! Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, akanijibu: "Picha yako imechukua kivuli pamoja na shimo. Mimi lazima niamue shimo ni lipi."

Jibu hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu mtu aliyechimba kilima hicho alikuwa mchoraji. Watu wengi wanamjua Mary Leakey kama mke wa Louis Leakey, au kama mwanamke aliyeliona fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Wachache wanajua kwamba aliingia katika sayansi kupitia mlango wa penseli.

Alizaliwa London mwaka 1913, akiitwa Mary Nicol. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, na familia ilizunguka naye Ufaransa, ambako msichana huyu aliyaona mapango yenye michoro ya kale. Baba akafariki mwaka 1926. Mama akampeleka shule za watawa, akafukuzwa mara mbili, mojawapo kwa kusababisha mlipuko katika maabara ya kemia. (Ninyi mliowahi kuzima mtandao wa chuo kizima kwa bahati mbaya, mna shangazi katika historia.) Hakupata shahada. Alichokuwa nacho ni mkono. Alianza kuchora zana za mawe kwa ajili ya wachimbaji wa Uingereza, na michoro hiyo ikamfikia Gertrude Caton-Thompson, mwanaakiolojia aliyefanya kazi Misri, ambaye alimpa kazi ya kuchora zana za kitabu chake kuhusu jangwa la Fayum. Ni huyo Caton-Thompson aliyemkutanisha na Louis Leakey mwaka 1933. Louis alikuwa anatafuta mchoraji wa kitabu chake, Adam's Ancestors, kilichotoka mwaka 1934. Mapenzi yao yalileta kashfa, kwa sababu Louis alikuwa na mke na watoto, lakini hilo halituhusu sana leo. Mary alifika Afrika Mashariki mwaka 1935, wakafunga ndoa Desemba 1936.

Hapa tusimame kidogo, maana kuchora jiwe si kama mnavyodhani. Mimi nilidhani unaliangalia jiwe, unalichora, basi. Kumbe kuna itifaki, na ni kali kama itifaki yoyote ya mtandao. Mwanga lazima utoke juu kushoto, hata kama pale mezani dirisha liko kulia. Jiwe linachorwa uso mmoja, kisha linageuzwa robo mzunguko na kuchorwa ubavu, kisha nyuma. Kila mahali kipande kilipobanduliwa pawekewe mpaka wake, na ndani ya mpaka huo mistari iliyopinda inayoonyesha pigo lilitoka upande gani, mithili ya mawimbi ya maji yaliyotupiwa kokoto. Chini unaweka kipimo. Rangi ya jiwe, madoa yake, mng'ao wake, hivyo vyote unaviacha. Mtu aliye nchi nyingine ambaye hajawahi kulishika jiwe lile anaweza kusoma mchoro na kujua mtengenezaji alipiga wapi kwanza na wapi baadaye. Picha ya kamera haimwambii hivyo. Kamera inahifadhi kila kitu, na kila kitu ni kelele nyingi.

Sasa turudi Nakuru. Louis alikuwa amekipita kilima hiki mwaka 1926 alipokuwa akichimba sehemu hizi za Nakuru na Elmenteita. Mary ndiye aliyekifungua, mwaka 1937 hadi 1938. Alikuta makaburi ya wafugaji wa kale sana, na katika makaburi ya wanawake sahani za mawe zimewekwa pamoja nao. Alikuta pia, upande mwingine, mabonde madogo ya mviringo ardhini, yale tunayoyaita mashimo ya Sirikwa. Mwaka 1938 akaenda Njoro, kwenye pango lililo kando ya mto, ambako watu wa karibu miaka 3,000 iliyopita walichoma maiti zao na kuziweka na shanga na bakuli za mawe. Moto uliochoma maiti ndio uliohifadhi baadhi ya vitu vya mbao na kibuyu, kwa kuvigeuza makaa. Jambo hilo lilimfurahisha rafiki yangu kuliko yote.

Mashimo ya Sirikwa ndiyo kiini cha makala haya. Mary aliyachimba, akayapima, akayachorea ramani, kisha akaandika kwamba ni mabaki ya makao ya watu, nyumba zilizozama nusu ardhini. Ripoti ilitoka mwaka 1945. Miaka ikapita. Nyumba ya shamba iliyokuwa pale ikageuzwa makumbusho, ikafunguliwa kwa umma mwaka 1965. Kisha mwanahistoria na mwanaakiolojia John Sutton, aliyekuwa ameyachunguza mashimo kama haya kule magharibi ya Bonde la Ufa, akarudi Hyrax Hill miaka ya 1980 na kuyasoma upya yale ya Mary. Hitimisho lake lilikuwa tofauti kabisa: yale hayakuwa nyumba. Yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Watu walilala katika vibanda vilivyoshikamana na zizi ubavuni, na samadi na majivu vilirundikwa nje mlangoni mwaka baada ya mwaka mpaka vikawa tuta.

Kwa hiyo Mary alikosea? Ndiyo, kwenye tafsiri. Lakini tazama ubora wa kosa lake. Alichokiona alikiweka mahali pake, kwa vipimo, na alichokifikiri akakiweka mahali pengine. Mtu aliyekuja miaka 40 na zaidi baadaye aliweza kukubali cha kwanza na kukataa cha pili bila kuvunja chochote. Sisi tunaoandika programu tunaimba wimbo huu kila siku, usichanganye data na mantiki, halafu tunakwenda kuchanganya. Nimewahi kurithi mfumo wa duka fulani ambapo bei ilikuwa imefichwa katikati ya maagizo ya kuchapisha risiti. Aliyeuandika alikuwa ameondoka. Sikuweza kujua ipi ni bei na ipi ni maoni yake kuhusu bei.

Ukitaka kuona upande wa pili wa jambo hili, angalia kongamano moja. Januari 1947, Louis aliwakusanya Nairobi wataalamu wa historia ya kale ya Afrika, mara ya kwanza kabisa kwa mkutano wa aina hiyo wa bara zima. Eneo la Olorgesailie, lenye mashoka ya mawe kwa mamia, liliandaliwa ili wageni wayaone yakiwa yamelala palepale yalipoachwa. Rais wa kongamano alikuwa padri Mfaransa, Henri Breuil, na huyu naye alikuwa mchoraji. Alikuwa amenakili kwa mkono michoro ya mapango ya Altamira na mengine mengi ya Ulaya, akiwa amelala chali kwenye unyevu kwa mwanga wa mshumaa. Kwa mkono hakuwa na mpinzani.

Lakini mwaka huohuo wa 1947 Breuil alikwenda mlima wa Brandberg, Namibia, kuiona picha ya mwambani ambayo alikuwa ameijua kwa miaka kupitia mchoro wa mtu mwingine. Katika sura ile, yenye miguu myeupe, aliona mwanamke mweupe mwenye asili ya Mediterania, akaitangaza dunia nzima kwa jina la Bibi Mweupe. Si bibi, wala si mweupe kwa maana aliyoitaka. Wataalamu leo wanaona ni mwanamume Mwafrika, pengine mganga, aliyepakwa rangi. Breuil alikuwa ameanza na wazo kwamba kazi nzuri namna ile haiwezi kuwa ya wenyeji, na mkono wake hodari ukaenda kutafuta ushahidi. Penseli ile ile inayoweza kuwahifadhi watu inaweza kuwapora. Hili linaniuma kuliko kosa lolote la mashimo ya Nakuru, kwa sababu jina lile bado linatumika kwenye vipeperushi vya watalii.

Mary naye alikuwa na kazi yake ya michoro ya mwambani, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Kondoa, katikati ya Tanzania, aliifika mara ya kwanza mwaka 1935 na Louis. Mwaka 1951 wakarudi kwa miezi mitatu. Aliweka karatasi angavu juu ya mwamba, akafuata mistari ya twiga, pofu na watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, kisha kambini akahamisha kwenye karatasi nzito, akapunguza ukubwa na kutia rangi. Waliorodhesha maeneo 186 na kunakili picha zipatazo 1,600. Kitabu kilichelewa mno, kikatoka mwaka 1983, na jina lake lasema wazi kwamba sanaa hii inatoweka. Jua linaitoa rangi, maji yanaiosha, wageni walikuwa wakiimwagia maji ili itokee vizuri kwenye kamera, na watu wakachimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. UNESCO iliitia Kondoa katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Mnaona basi, karatasi za Mary ni nakala rudufu. Ila nakala hiyo haina kila kitu, na hapa namlaumu kidogo. Kwenye mwamba wa Kondoa picha zimepandana, tabaka juu ya tabaka, mpya juu ya kuukuu. Yeye alichagua zilizo wazi na nzuri, na mara nyingi alizitenganisha na jirani zake ili zionekane. Nilipomweleza rafiki yangu hilo alicheka, akasema hata yeye akichora umati wa watu kwenye maonyesho huwatoa wanaoziba sura ya mhusika wake. Kwenye komiki hilo ni haki yako. Kwenye kumbukumbu, umefuta mtu.

Mary aliendelea hivyo hadi uzeeni. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa na kikosi chake miaka ya 1970, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, zilichorewa ramani nyayo kwa nyayo, na wataalamu hawakuacha kubishana waliopita pale walikuwa wangapi. Alifariki Desemba 1996, Nairobi.

Jua lilipokuwa linashuka upande wa ziwa, rafiki yangu alifunga daftari. Nikataka kuona. Alikuwa amechora bao mara mbili. Mchoro wa kwanza una vishimo vyote kwa mistari mizito. Wa pili una vishimo vile alivyokuwa na uhakika navyo kwa mistari mizito, na vitatu kwa nukta nukta tu, na pembeni ameandika: huenda ni mvua.