Homa ya mwanafunzi Dubai: lini atajitibu, lini apimwe

Discovery Gardens ni mtaa wa majengo ya ghorofa chache katika eneo la Jebel Ali, Dubai, karibu na Ibn Battuta Mall. Miongoni mwa wapangaji wake wamo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Anayetoka Afrika Mashariki aghalabu huwa na mfuko wa dawa aliofungasha nyumbani, nao ndio daktari wake wa kwanza.

Yanayotibika chumbani

Mafua ya kawaida hupona kwa mapumziko na vinywaji vya kutosha. Parasetamoli hupunguza homa na maumivu, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake, na kuzichanganya kunaweza kuharibu ini.

Mwenye kuharisha hupoteza maji na chumvi. Akikosa pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, achanganye lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Aliyeungua jikoni apooze jeraha kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu wala dawa ya meno. Wakati wa kiangazi maji ya bomba Dubai huweza kutoka moto kwa sababu ya jua kali, hivyo yafaa kuweka akiba ya maji ya chupa mahali penye ubaridi.

Homa baada ya safari

Hatari kubwa ni homa inayodhaniwa kuwa mafua. Shirika la Afya Duniani liliutangaza Umoja wa Falme za Kiarabu kuwa umetokomeza malaria mwaka 2007, kwa hiyo huenda daktari wa huko asiifikirie mara moja. Lakini vimelea vya malaria aliyoipata mtu Kisumu au Tanga husafiri naye, na dalili zinaweza kuanza wiki kadhaa baada ya kuwasili.

Anayepata homa ndani ya miezi mitatu tangu atoke nyumbani anapaswa kupimwa damu siku hiyo hiyo, na kumweleza daktari alikotoka. Kumeza dawa mseto kwa kubahatisha si badala ya kipimo.

Dawa za kutobeba ovyo

Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli hudhibitiwa vikali nchini humo. Msafiri hutakiwa kuwa na cheti cha daktari na kibali cha serikali kabla ya kuwasili. Bila hivyo anaweza kushitakiwa.

Pa kukimbilia

Sheria ya Dubai ya mwaka 2013 inamtaka kila mkaazi awe na bima ya afya. Kuchanganyikiwa, degedege, kupumua kwa shida au damu isiyokoma si mambo ya kungojea asubuhi: nambari ya gari la wagonjwa ni 998.