Mfumo wa serikali ya Makedonia Kaskazini
MAKEDONIA Kaskazini ni jamhuri ndogo ya eneo la Balkani iliyojitenga na Yugoslavia mwaka 1991. Mji wake mkuu ni Skopje.

Rais huchaguliwa na wananchi kwa kipindi cha miaka mitano, wala hawezi kuhudumu zaidi ya vipindi viwili. Ndiye amiri jeshi mkuu, lakini usukani wa serikali umo mikononi mwa Waziri Mkuu, ambaye hutegemea imani ya Bunge. Bunge hilo, liitwalo Sobranie, lina wabunge 120 wanaochaguliwa kwa muhula wa miaka minne.

Suala nyeti ni jinsi Wamakedonia, walio wengi, wanavyogawana madaraka na Waalbania, ambao ni takriban robo ya wakazi. Mapigano ya mwaka 2001 baina ya majeshi ya serikali na waasi wa Kialbania yalikomeshwa na Mkataba wa Ohrid, uliotiwa sahihi Agosti 13. Kutokana na mkataba huo, sheria zinazogusa lugha, elimu au utamaduni hazipiti kwa wingi wa kura pekee; sharti pia ziungwe mkono na zaidi ya nusu ya wabunge waliohudhuria kutoka jamii za wachache.

Mwaka 2022 nchi hiyo ilianza mazungumzo ya kujiunga na Muungano wa Ulaya, ikatakiwa kwanza iwatambue Wabulgaria katika Katiba. Marekebisho ya aina hiyo huhitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 80.