Juliasi Kaizari (tafsiri)

Juliasi Kaizari ni tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya William Shakespeare iitwayo Julius Caesar. Mfasiri ni Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania. Oxford University Press iliitoa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Toleo lililosahihishwa, lenye jina la sasa, lilitoka mwaka 1969.

Kisa

Caesar aliuawa mjini Roma tarehe 15 Machi 44 KK, baada ya kufanywa dikteta wa maisha. Brutus, Cassius na wenzao walidai kuilinda jamhuri. Katika tamthilia, Brutus anauhutubia umati na kushangiliwa. Kisha anasema Marcus Antonius, na watu walewale wanakwenda kuchoma nyumba za wauaji.

Mafunzo

Mauaji hayo hayakuiokoa jamhuri. Vilifuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 27 KK Augustus, mwana wa kulea wa Caesar, akawa Kaisari wa kwanza. Kwa msomaji wa leo, kisa kinaonyesha kwamba kumwondoa mtawala kwa silaha si kurudisha sheria, na kwamba umati unaofuata hotuba tu hugeuka upesi. Nyerere mwenyewe aliacha urais kwa hiari mwaka 1985.