Habari za Edward Saidi Tingatinga na Chama cha Wachoraji

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, kurasa nyingine za kijitabu hiki zimeeleza kwa kirefu habari za maghala, mizani na malipo ya korosho. Mimi nimepewa ukurasa wa historia, nami nimeona yafaa niutumie kwa habari ya mtu ambaye umaarufu wake haukutokana na zao lolote la shamba. Sababu ni hii: mwaka huu vikundi vya wasuka ukili na wafinyanzi vimeomba kuingizwa katika vyama vya msingi, na wako viongozi, watu ninaowaheshimu, wasemao kwamba ushirika ni wa mazao tu, na kwamba kazi za mikono ni za kupotezea wakati. Neno hilo si la kupuuzwa. Lakini lipimwe kwanza kwa jambo lililotokea katika nchi yetu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. (Vijana wasikiapo jina hili hufikiri habari za mashine ya kulimia, hilo lilikuwa jina lake hasa.) Mwaka huo huo Tanganyika ilipata sheria yake ya vyama vya ushirika, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu, KNCU. Kwa kijana maskini wa kusini njia iliyokuwa wazi ilikuwa nyingine kabisa, nayo ilielekea kwenye mkonge wa Tanga. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na vibarua wa mikataba waliitwa manamba, kwa kuwa katika daftari la shamba namba ya mtu ilitangulia jina lake. Wazee wetu wengi waliipitia kazi hiyo, na hakuna haja ya kuwaeleza wao miiba ya mkonge ilivyo. Edward naye alifanya kazi katika mashamba hayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Dar es Salaam kwa ndugu yake aliyekuwa mpishi nyumbani kwa Mwingereza mmoja, akapata kazi ya utumishi na ya bustani. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 Mwingereza yule aliondoka, na kazi ikaondoka pamoja naye. Ikafuata miaka ya vibarua vya hapa na pale.

Ilikuwa yapata mwaka 1968 alipoanza kuchora picha. Hakupata kusoma shule ya uchoraji, wala hakuwa na fedha za kununulia turubai na rangi za wachoraji. Alitumia hadibodi, ule ubao mwembamba unaofunikia dari, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli, ambayo ilipatikana madukani katika makopo madogo. Hapa naomba msomaji asipite upesi. Hadibodi moja ya futi 4 kwa 8, ikikatwa vizuri, hutoa vipande 8 vya futi 2 kila upande, na kipande cha ukubwa kama huo ndicho alichokipenda. Rangi ile hung'aa yenyewe, haihitaji kuchanganywa kwa ustadi wa shuleni. Basi alipaka kwanza rangi moja nyuma, kisha akachora juu yake mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, kwa mistari ya wazi na madoadoa. Wajuzi wa baadaye waliandika mengi juu ya mtindo huo. Mimi naona kwamba sehemu kubwa ya mtindo ilizaliwa na bei ya vifaa: mtu alitazama alichoweza kukinunua, akatengeneza kitu kilichokifaa.

Wanunuzi aliwatafuta walipo. Picha ziliwekwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni walikuja kununua mahitaji ya nyumbani, na mkewe, Agatha, alishiriki katika kuziuza. Hata hivyo Edward hakuiacha tahadhari. Aliajiriwa kuwa mhudumu katika hospitali ya Muhimbili, akaendelea kuchora baada ya saa za kazi. Kampuni ya taifa ya sanaa nayo ikaanza kununua picha zake. Kwa kuwa maagizo yalizidi nguvu za mkono mmoja, aliwafundisha vijana wachache, aghalabu jamaa zake na watu wa kwao: Simon Mpata, Kasper Tedo, Adeusi, January Linda, Omari Amonde.

Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walidhani gari alimokuwamo ndilo walilolitafuta. Risasi zilipigwa, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40, na muda wote aliochora haukufika miaka mitano.

Hapa ndipo panapotuhusu sisi. Biashara ya mtu mmoja huzikwa pamoja naye. Mifano tunayo katika kila kijiji. Vijana wale hawakuwa na jengo, mtaji, wala karatasi ya mkataba. Walikuwa na ufundi, mahali palipozoeleka kwa wanunuzi, na jina la marehemu. Waliendelea kuchora pale pale Oyster Bay, wakafanya ubia wao, katika miaka ambayo ushirika wenyewe ulikuwa mashakani. Wengi wetu tunakumbuka, au tumesimuliwa, jinsi vyama vikuu vilivyovunjwa na Serikali mwaka 1976, na jinsi sheria ya mwaka 1982 ilivyovirudisha. Mwaka 1990 wachoraji hao wakaunda rasmi chama cha ushirika. Chama cha ushirika, narudia, wala si kampuni. Nacho kilikuwa cha watu wasiokuwa na ekari hata moja katika biashara yao.

Kazi yao hufundishwa kama zamani: anayeanza hupaka rangi ya nyuma, hutazama mwenye ujuzi akichora, kisha hujaribu mwenyewe. Lakini jambo moja halikuwekewa masharti mapema, nalo ni jina. Mwaka 1972 hakuna aliyeandika ni nani anayeruhusiwa kulitumia. Kwa hiyo picha za Tingatinga huuzwa Zanzibar, Arusha na hata Nairobi na watu wengi ambao hawamo katika daftari la chama cha Oyster Bay, wala hawajalipa kiingilio.