Ndege wa Shairini na Ndege wa Mtini

Mtu anaweza kumjua ndege kwa kumsoma tu, asimsikie hata siku moja. Hivyo ndivyo alivyokuwa Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani tangu 1901 hadi 1909, kwa wengi wa ndege wa Uingereza. Tangu utotoni alikuwa mpenzi wa ndege, na wale wa kwao aliwatambua kwa sauti. Wa Uingereza aliwajua zaidi kwa majina yao katika vitabu na mashairi ya Kiingereza, naye alitamani kuwasikia kwa masikio yake.

Nafasi ilipatikana mwaka 1910, alipokuwa akirejea kutoka huku kwetu. Alikuwa ameshuka Mombasa mwezi Aprili 1909, akapita katika nchi ambazo leo ni Kenya na Uganda, akamalizia Khartoum mwezi Machi 1910. Safari hiyo ilitegemea wapagazi na wasaidizi waliosema Kiswahili. Ilikuwa safari ya bunduki: yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama na ndege zaidi ya 500. Lakini kwa Uingereza ombi lake lilikuwa jingine kabisa. Alitaka mtu wa kutembea naye, ajuaye kuzitaja sauti za ndege. Mtu huyo akawa Sir Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza.

Tarehe 9 Juni 1910, kiangazi cha huko kikianza, wawili hao waliondoka London kwa gari moshi, wakaenda katika bonde la mto Itchen, kusini mwa Uingereza. Grey alilijua vyema bonde hilo, kwani alikuwa na nyumba ndogo huko alikokwenda kuvua samaki na kusikiliza ndege. Mahali pamoja njia ilikuwa imefunikwa na maji, wakayavuka kwa miguu bila kujali. Kisha wakaenda katika msitu uitwao New Forest, wakalala katika nyumba ya wageni. Kwa muda wa saa 20 hivi watu hao wakubwa wa dunia walitoweka machoni pa dunia. Walikutana na ndege wa aina zipatazo 40, na nyimbo walizozisikia zilikuwa za aina zipatazo 20.

Kazi yao waligawana hivi: ndege akilia, Grey humtaja, Roosevelt husikiliza na kulinganisha. Walipomsikia ndege mdogo sana mwenye utepe wa manjano kichwani, Roosevelt alitambua kwamba wimbo ule unafanana na wa ndege mmoja wa Marekani. Grey alisimulia jambo hilo mwaka 1919 katika hotuba yake Harvard, Roosevelt akiwa ameshafariki, akalisifu sikio la mwenzake. Roosevelt naye, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1913, alieleza kwamba aliyemvutia kuliko wote ni yule ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano. Alikuwa ameshasoma kwamba ni mwimbaji hodari, lakini hakujua kuwa wimbo wake ni mzuri kiasi kile.

Wote wawili macho yao yaliwasaliti. Roosevelt alikuwa haoni mbali tangu utotoni, na akiwa Ikulu alipigwa ngumi katika mchezo wa ndondi hata jicho la kushoto likapoteza nuru. Grey alianza kufifia macho wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kitabu chake juu ya ndege, *The Charm of Birds*, kilipotoka mwaka 1927, nuru ilikuwa imekaribia kwisha. Kilichobaki kwake ni sauti pamoja na majina yake.

Nalieleza jambo hili kwa sababu linatuhusu sisi wapenzi wa ushairi wa Kiswahili. Nilifundisha shule ya sekondari kwa miaka mingi. Wanafunzi wangu waliweza kueleza kwamba ninga katika shairi ni sitiari ya mpenzi. Nikiuliza ninga ni ndege gani, darasa zima hunyamaza, na kamusi aghlabu hujibu "aina ya ndege", basi. Kumbe ninga ni njiwa wa kijani, apendaye matunda ya mikuyu. Akitulia majanini humwoni ingawa yu juu ya kichwa chako. Ajuaye hayo husoma shairi jingine kabisa: mpenzi aitwaye ninga yu karibu, ila haonekani.

Majina mengine hubeba sauti au kazi ya mwenyewe. Dudumizi hujitaja kwa mlio wake mzito unaoshuka, na wazee wengi husema analia mvua ikikaribia. Kigogota ametokana na kugogota, yaani kugonga mfululizo, na ndiyo kazi yake mtini. Maneno haya hayakutungwa mezani. Yalitungwa na watu waliotembea alfajiri, wakasikiliza.

Roosevelt alikuwa amesoma vya kutosha. Alichokosa ni mtu wa kutembea naye. Watu wa aina hiyo tunao bado: wakulima, wachungaji, warina asali na bibi zetu wa vijijini. Tuwafuate shambani kungali mapema, tuwaulize, "Huyo anayelia ni nani?" Jina wasiloulizwa watazikwa nalo, na mashairi yetu yatabaki na ndege wasiolia.