Viungo vya jikoni (Mbeya na Iringa)

Viungo vya jikoni ni mimea ya kukoleza chakula na chai, ambayo pia ni tiba ya nyumbani. Mbeya, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huwa na baridi kali Juni na Julai. Ndipo chai ya tangawizi inaponoga, Mbeya hata Iringa. Tangawizi hupunguza kichefuchefu. Mafua haiyaponyi, ingawa hulipasha koo joto. Karafuu, zao la Pemba, ina yujenoli inayotia ganzi jino linalouma. Kitunguu saumu kipondwe, kiachwe dakika 10 kabla ya kukaangwa, ili kemikali yake ya tiba, alisini, ijitengeneze. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asikizidishe bila kumwuliza daktari. Pilau ya mchele wa Kyela hutiwa iliki, mdalasini na bizari nyembamba. Vikikolea, chumvi hupunguzwa, nafuu kubwa kwa wenye shinikizo la damu.