Jina la Mwongozaji na Mwenye Filamu

Wanafunzi wetu wanapohakiki filamu, huandika jina la mwongozaji mahali ambapo katika riwaya wangeandika jina la mwandishi. Desturi hii inafaa, lakini katika filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu mara nyingi hupotosha, kwa kuwa neno la mwisho huwa la mwenye fedha. Tuchukue Superman II.

Mwaka 1977 Richard Donner alianza kupiga picha za filamu mbili za Superman kwa pamoja. Watayarishaji, Alexander Salkind na mwanawe Ilya, walikuwa na historia yao: waigizaji wa The Three Musketeers (1973) waligundua baadaye kwamba kazi waliyolipwa kama filamu moja imegawanywa ikawa mbili. Gharama zilipopanda na ugomvi kukolea, filamu ya pili ilisimamishwa ikiwa imefika karibu robo tatu, ili ya kwanza imalizike. Ya kwanza ilitoka Desemba 1978, ikaingiza fedha nyingi sana. Hata hivyo Donner hakurudishwa. Nafasi yake ilichukuliwa na Richard Lester, yule yule wa The Three Musketeers.

Lester alipiga upya sehemu kubwa ya kazi iliyokwisha kufanyika. Gene Hackman alikataa kurudi, hivyo vipande vyake tunavyoviona ni vya Donner, isipokuwa pale alipotumiwa mtu wa kufanana naye. Marlon Brando, aliyeigiza kama baba wa Superman, aliondolewa kabisa ili asidai fungu la mapato. Nafasi ya baba akapewa mama. Hapa mwalimu wa fasihi lazima ashtuke: uhusiano wa baba na mwana, ambao ndio uti wa mgongo wa hadithi, umebadilishwa na daftari la mahesabu. John Williams, mtunzi wa muziki wa filamu ya kwanza, naye hakuwamo. Ken Thorne alipewa kazi ya kuyapanga upya mahadhi yake. Filamu ikatoka mwishoni mwa 1980 kwa jina la Lester peke yake. Watazamaji waliipenda, tusikatae.

Justice League (2017) ni kinyume chake. Zack Snyder aliondoka kabla haijakamilika, baada ya kufiwa na binti yake, na Joss Whedon akaandika na kupiga sehemu nyingine nyingi. Mtunzi wa muziki, Tom Holkenborg, aliwekwa kando, akaletwa Danny Elfman, ambaye alirudisha mahadhi yake ya Batman ya 1989. Filamu ikatoka na dakika 120, mwongozaji akitajwa kuwa Snyder! Mwaka 2021 Snyder alipata kutoa toleo lake la dakika 242, lenye muziki wa Holkenborg.

Donner naye alipata toleo lake la Superman II mwaka 2006, Brando akiwamo. Lakini mapengo yalikuwa mengi. Tukio moja lilijazwa kwa picha za majaribio ya waigizaji, na yale ambayo hakuwahi kuyapiga ilibidi yaazimwe kutoka kwa Lester.